Siku Tano Ndani ya Kanda: Historia ya Kriketi kwenye Kompyuta za Nyumbani

Kiangazi cha mwaka 1985 timu ya kriketi ya Uingereza iliishinda Australia mechi tatu kwa moja katika Ashes, mfululizo wa mechi unaozikutanisha nchi hizo mbili, na wanaume wawili wakawa gumzo nchi nzima. Ian Botham aliangusha wiketi 31. Graham Gooch, aliyekuwa amefungiwa miaka mitatu kwa kosa la kwenda kucheza Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, alipiga mbio 196 katika mechi ya mwisho kwenye uwanja wa Oval, London. Mwaka huohuo majina yao wote wawili yalichapwa juu ya kanda za kaseti, na kanda hizo hazikuwa za muziki.

Kanda ya Gooch iliitwa Graham Gooch's Test Cricket na ilitolewa na Audiogenic, kampuni ya mji wa Reading. Ya Botham iliitwa Ian Botham's Test Match, kazi ya Tynesoft wa Blaydon, mji mdogo ulio kando ya mto Tyne kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Zote mbili zilikuwa kampuni ndogo, kama zilivyokuwa kampuni nyingi za gemu wakati ule. Kompyuta ya nyumbani yenyewe ilikuwa bado changa: BBC Micro ilitoka mwishoni mwa 1981, ZX Spectrum na Commodore 64 zikafuata mwaka 1982. Mtoto aliiunganisha mashine na televisheni ya sebuleni, akatia kanda kwenye rekoda, akabonyeza kitufe, akakaa kusubiri. Kwenye Spectrum rekoda ilitoa mlio mkali uliopanda na kushuka kwa dakika kadhaa huku mistari ya rangi ikikimbia pembezoni mwa skrini. Mlio ukikatika vibaya, kanda ilirudishwa mwanzo na kusubiri kukaanza upya.

Ili msomaji aone jinsi kazi ile ilivyokuwa ngumu, nianze na wiketi, kwani kriketi yote imeizunguka. Wiketi ni vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini, na nyingine ya aina hiyo imesimikwa mkabala wake, umbali wa mita 20.12. Mrushaji anaurusha mpira kuelekea wiketi ya mbele yake. Mpigaji anailinda kwa gongo; akitolewa, husemwa wiketi imeangushwa. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake wanabadilishana ncha kwa kukimbia, na kila wakibadilishana timu yao inapata mbio moja. Mipira sita ni ova moja. Mechi ya Test huchezwa siku tano, na kwa kawaida ova 90 hupangwa kwa siku, yaani mipira 2,700 kama hakuna mvua na kama timu zote zimeweza kusimama. Mchezaji wa kompyuta akitumia sekunde kumi tu kwa kila mpira, atakaa mbele ya skrini saa saba na nusu. Mchezo huo ndio uliotakiwa uingie kwenye mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48, ambayo leo isingetosha kuhifadhi picha moja iliyopigwa kwa simu.

Lakini watengenezaji walikuwa na pa kuanzia. Kriketi ya mezani ilikuwapo kabla ya kompyuta. Watoto wa shule wa Uingereza waliicheza kwa penseli yenye pande sita: kila upande uliandikwa namba, penseli ikaviringishwa juu ya dawati, na upande uliotokea juu ndio ukawa matokeo ya mpira uliorushwa. Wengine walinunua Owzthat, vipande viwili vidogo vya chuma, kila kimoja na pande sita. Cha kwanza kilikuwa na 1, 2, 3, 4, 6, na upande wa sita ulikuwa na neno la kumlilia mwamuzi. Likitokea neno hilo, uliviringisha kipande cha pili, chenye hukumu sita: vijiti vimeangushwa na mpira, mpigaji amedakwa, mlinda wiketi amemtoa, mguu umeizuia wiketi, mpira ulikuwa haramu, au hajatoka. Mbio ziliandikwa daftarini, na mtoto mmoja peke yake chumbani aliendesha mechi ya siku tano kwa timu zote mbili.

Gemu za mwanzo kabisa za kriketi zilikuwa ni vipande hivyo vya chuma vilivyoandikwa upya kwa lugha ya BASIC. Kompyuta iliokota namba ya bahati, ikaipima na uwezo wa mpigaji na wa mrushaji, kisha ikaandika matokeo kwenye jedwali. Sizidharau hata kidogo. Kriketi ni mchezo uliozoea kuishi ndani ya namba tangu siku za magazeti. Shabiki wa kweli anasoma jedwali la mechi na kuiona mechi nzima: nani aliporomoka, nani alisimama imara, saa ngapi mambo yaligeuka. Programu iliyoandika jedwali linaloaminika ilikuwa tayari imeubeba moyo wa mchezo.

Ugumu ulianza pale walipotaka kuuonyesha mpira wenyewe. Katika soka mpira huenda mbele, nyuma, kulia na kushoto, na ukiutazama uwanja kutoka juu hujakosa mengi. Katika kriketi kila kitu kinategemea mahali mpira unapodunda. Ukidunda karibu na mrushaji, unafika kifuani mwa mpigaji, naye hurudi nyuma na kuufyeka pembeni. Ukidunda miguuni pake, mpigaji huingia mbele na kuusukuma moja kwa moja. Akikosea kusoma ule urefu, ametoka. Mrushaji wa kasi ya kilomita 140 kwa saa humwachia kama nusu ya sekunde ya kuamua. Sasa chukua skrini bapa ya mwaka 1985, na mpira wenye ukubwa wa nukta mbili tatu, umwambie mtoto akisie kina. Hawezi. Anachokiona ni nukta inayoshuka skrini.

Spectrum ilikuwa na tatizo la ziada. Skrini yake iligawanywa katika miraba ya nukta nane kwa nane, na kila mraba uliweza kubeba rangi mbili tu. Mpira mwekundu ukipita mbele ya mpigaji mwenye nguo nyeupe juu ya nyasi za kijani, hizo ni rangi tatu, na mashine ina nafasi ya mbili. Lazima kimoja kipotee au kivae rangi ya mwenzake. Commodore 64 ilikuwa na nafuu, kwa kuwa iliweza kuchora vitu vinavyotembea bila kuvichanganya na kilicho nyuma yake, na hiyo ni sababu moja ya kriketi kukaa vizuri zaidi huko.

Dawa ya kina ilipatikana polepole, na ilikuwa rahisi kuliko mtu angetarajia: kivuli. Ukichora doa jeusi chini ya mpira, jicho linapima nafasi kati ya doa na mpira na kujua mpira uko juu kiasi gani. Vikikutana, umedunda. Baadaye ikaongezwa alama ardhini kuonyesha mahali mpira utakapodunda, mrushaji akiisogeza kwa vidole vyake kabla hajauachia. Alama hiyo ilitawala gemu za kriketi kwa miaka mingi. Ilimsaidia mpigaji, ila pia ilimpa siri ambayo mpigaji wa kweli hapewi, na nitalirudia jambo hilo.

Kuhusu urefu wa mechi, Audiogenic walimpa mchezaji hiari: acheze mwenyewe kwa mikono, au awe kama nahodha anayetoa maagizo na kuiacha kompyuta iendeshe mambo. Mgawanyo huo wa vidole na akili umedumu hadi leo. Tawi la akili lilikuja kuzaa International Cricket Captain, gemu iliyotolewa na Empire Interactive mwaka 1998 chini ya mtengenezaji Chris Child, ambamo huugusi mpira hata mara moja. Unachagua timu, unapanga wadakaji, unasoma jedwali. Ni penseli ileile ya darasani, na imeendelea kutolewa matoleo mapya kwa zaidi ya miaka ishirini. Tawi la vidole ndilo lenye hekaheka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashine za nyumbani zilikuwa Amiga, Atari ST na kompyuta za ofisini zilizoanza kuingia majumbani. Robin Smith alipata gemu yake, Botham akapata nyingine. Gooch naye alikuwa amefanya makubwa: Julai 1990, uwanjani Lord's, aliipiga India mbio 333 katika zamu moja na 123 katika zamu ya pili. Audiogenic wakarudi kwake, na mwaka 1993 wakatoa Graham Gooch World Class Cricket. Hapa biashara ilijionyesha wazi. Mwaustralia asingenunua gemu yenye sura ya nahodha wa Uingereza, kwa hiyo huko iliuzwa kwa jina la Allan Border, aliyekuwa nahodha wa Australia. Afrika Kusini, iliyokuwa imerudi tu kwenye kriketi ya kimataifa, iliuziwa kwa jina la Jonty Rhodes, kijana ambaye katika Kombe la Dunia la 1992 aliruka mzimamzima na mpira mkononi akaivunja wiketi ya Inzamam-ul-Haq wa Pakistan. Programu ilikuwa moja, majina matatu.

Upande wa pili wa dunia kulikuwa na kampuni nyingine. Beam Software ilianzishwa Melbourne mwaka 1980 na Alfred Milgrom na Naomi Besen, na ilikuwa imejijengea heshima kwa The Hobbit ya mwaka 1982. Mwaka 1992 ilitengeneza International Cricket kwa mashine ya Nintendo, na mwaka 1994 ikaleta Super International Cricket. Hizo zilikuwa za kuchezea kwenye televisheni kwa padi, lakini maarifa yaliyopatikana humo ndiyo yaliyohamia kwenye kompyuta pale EA Sports walipowapa Beam kazi ya kutengeneza Cricket 96 na kisha Cricket 97. Hapo diski ya CD ilikuwa imefika, na pamoja nayo sauti. Richie Benaud, nahodha wa zamani wa Australia aliyekuwa mtangazaji anayependwa kuliko wote katika mchezo huo, alirekodiwa akisema vipande vya maneno: majina, namba, mishangao mifupi, vijembe vya upole. Programu ilivichagua vipande na kuviunga kulingana na kilichotokea uwanjani. Mashabiki walivikariri vyote, na wako watu wazima leo wanaoweza kukutajia Benaud alisema nini kila mpira ulipovuka mpaka.

Wakati huohuo jina jipya lilikuwa limeiteka kriketi. Aprili 1994, kisiwani Antigua, Brian Lara wa Trinidad aliipiga Uingereza mbio 375, rekodi mpya ya mechi za Test. Juni mwaka huohuo, akichezea kaunti ya Warwickshire, alipiga 501 bila kutoka dhidi ya Durham. Bahati ilioje, ndani ya Warwickshire hiyohiyo, katika mji mdogo wa Southam, kulikuwa na ofisi za Codemasters, kampuni ya ndugu wawili Richard na David Darling. Walichukua jina la Lara, wakaipa Audiogenic kazi ya kutengeneza, na Brian Lara Cricket ikatoka kwenye mashine ya Mega Drive mwaka 1995 ikiwa imejengwa juu ya msingi uleule wa gemu ya Gooch. Toleo la 1996 likafuata. Huko Australia liliuzwa kwa jina la Shane Warne.

Mwaka huo 1996 una habari nyingine ambayo msomaji wa Kiswahili hana budi kuikumbuka. Tarehe 29 Februari, mjini Pune, India, Kenya ilikutana na West Indies katika Kombe la Dunia. Kenya ilipiga mbio 166, kiasi ambacho wengi waliona ni kidogo mno. Rajab Ali akarusha, Lara akaugusa mpira, na Tariq Iqbal, mlinda wiketi, akaudaka. Lara alikuwa na mbio 8. Nahodha Maurice Odumbe aliangusha wiketi tatu kwa mbio 15, na West Indies wakatoka wote wakiwa na 93. Ushindi wa mbio 73. Mtu ambaye sura yake ilikuwa kwenye jalada la gemu maarufu kuliko zote za kriketi alitolewa na Wakenya ambao wengi wao walicheza jioni na wikendi baada ya kazi zao. Kama kuna matokeo ambayo hakuna programu ya wakati ule ingeyakubali, ni hayo.

Ulipofika mwaka 1999 Kenya walikuwa na haki yao kwenye skrini. Kombe la Dunia lilichezwa Uingereza, EA Sports wakatoa gemu rasmi ya mashindano hayo, na Kenya ilikuwa miongoni mwa timu 12. Watengenezaji walikuwa Creative Assembly wa Horsham, ambao mwaka uliofuata wangejulikana dunia nzima kwa gemu za vita za Total War. Washindani wao walikuwa Codemasters na Brian Lara Cricket 99, iliyotoka mwishoni mwa 1998 kwenye PlayStation na baadaye kwenye kompyuta, ikitangazwa na Jonathan Agnew na Geoffrey Boycott. Kwa maoni yangu hiyo ya Lara ndiyo ya kwanza ambamo mpira uliopigwa vizuri ulihisika umepigwa vizuri. Ukichelewa kidogo unachomoka ukingoni mwa gongo. Ukiwahi kidogo unaruka juu na mdakaji anausubiri. Kabla ya hapo gemu nyingi zilikupa mbio au kukutoa bila ya wewe kuelewa sababu.

EA hawakukaa na mtengenezaji mmoja. Cricket 2002 ilitengenezwa na Krome Studios wa Brisbane. Kisha kazi ikavuka bahari kwenda mahali ambapo hakuna aliyepategemea: Lunenburg, mji wa wavuvi katika jimbo la Nova Scotia, Kanada, wenye nyumba za mbao za zamani zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Huko ndiko walikokuwa HB Studios. Katika nchi ambayo watoto wake hucheza hoki juu ya barafu, walitengeneza Cricket 2004, Cricket 2005, na mwezi Novemba 2006, mwezi uleule Ashes ilipoanza, Cricket 07.

Sasa tukae kidogo na Cricket 07, kwa sababu historia yote inapinda hapa.

Ukiitazama kwa macho ya fundi, haikuwa kamilifu. Picha zake zilikuwa za wastani hata kwa mwaka wake. Kompyuta ilipanga wadakaji vibaya, na baada ya wiki chache kila mchezaji alijua mapigo mawili matatu yasiyokosa mbio nne. Uingereza na Australia zilikuwa na majina na jezi halisi, kwani vyama vyao vilikuwa na mkataba na EA. India haikuwamo kwenye mkataba. Nchi yenye mashabiki wengi wa kriketi kuliko nyingine yoyote duniani ilifunguliwa kwenye skrini ikiwa na wachezaji wenye majina yaliyopotoshwa, herufi moja imebadilishwa hapa, nyingine pale, ili mwanasheria asiwe na la kusema. Mtoto wa Mumbai alimtafuta Tendulkar, nyota wake, akakutana na mtu asiyemjua.

Tena mara tu baada ya kutoka, gemu hiyo ilipitwa na wakati. Mwezi Septemba 2007 India ilitwaa kombe la kwanza la dunia la mechi fupi za ova 20, kule Afrika Kusini. Aprili 2008 ligi ya IPL ya India ikaanza, Brendon McCullum akapiga 158 bila kutoka katika mechi ya ufunguzi, na kriketi ikawa na timu mpya, jezi mpya, fedha mpya. Watu wote walingoja EA watoe toleo jipya. Halikuja. Cricket 07 ndiyo ikawa ya mwisho.

Mashabiki wa India, Pakistan, Bangladesh na Sri Lanka wakaingia kazini wenyewe. Huko mashine za PlayStation na Xbox zilikuwa ghali kwa familia nyingi, ila kompyuta ilipatikana, kama si nyumbani basi kwenye duka la intaneti la mtaani, na Cricket 07 ilikubali kufanya kazi kwenye kompyuta dhaifu kabisa. Waligundua kwamba majina na uwezo wa wachezaji vilihifadhiwa kwenye faili la kikosi, ambalo lingeweza kufunguliwa na kuandikwa upya. Jambo la kwanza likawa kuwarudishia Wahindi majina yao. Kisha wakafungua faili za picha. Jezi ya mchezaji ndani ya gemu ni karatasi bapa iliyochorwa kifua, mgongo na mikono, ambayo programu huivika mwili. Wao waliichukua karatasi hiyo, wakafuta rangi za zamani, wakachora ya bluu ya Mumbai au ya manjano ya Chennai, nembo ya mdhamini ikiwekwa nukta kwa nukta. Wakachora magongo yenye vibandiko halisi vya kila mpigaji. Wakachora nyuso, viatu, kofia, mabango ya pembeni, na viwanja ambavyo havikuwapo kwenye diski. Mtumiaji alipakua kifurushi, akakinakili ndani ya folda ya gemu juu ya faili za zamani, akaiwasha, na IPL ya msimu huo ilikuwa mbele yake.

Wengi wao walikuwa wanafunzi, na hawakulipwa. Na waliendelea msimu hadi msimu. Gemu iliyotengenezwa kabla ya IPL kuzaliwa imevalishwa jezi za misimu yake mingi, ikiwa na vijana ambao walikuwa wachanga ilipotoka dukani. Kwangu mimi hii ndiyo sura yenye uzito mkubwa kuliko zote katika historia hii: kampuni kubwa ya Marekani iliiacha, kazi ya mafundi wa Kanada ikabaki bila mwenye kuitunza, na watoto wa maduka ya intaneti wakaibeba.

Codemasters hawakuwa wameondoka bado. Brian Lara International Cricket 2007 ilitoka sambamba na Kombe la Dunia la West Indies. Huko Australia gemu hiyo iliitwa kwa jina la Ricky Ponting, na huko India kwa jina la Yuvraj Singh. Mwaka 2009 waliwapa Transmission Games wa Melbourne kazi ya Ashes Cricket 2009. Studio hiyo ilifungwa mwaka huohuo. International Cricket 2010 ikafuata, kisha nao wakaachana na mchezo huu.

Kilichokuja baada yao kiliwaumiza mashabiki. Ashes Cricket 2013, iliyotengenezwa na Trickstar na kutolewa na 505 Games, iliahirishwa mara kadhaa, kisha ikawekwa sokoni kwenye kompyuta tarehe 22 Novemba 2013, siku moja baada ya Ashes kuanza Brisbane. Walionunua walikuta wachezaji na mpira vikienda ovyo kiasi cha kutochezeka. Siku chache baadaye iliondolewa kabisa sokoni na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao. Watu waliokuwa wamengoja miaka mitatu walibaki mikono mitupu.

Aliyewafuta machozi alitoka tena Melbourne. Big Ant Studios, chini ya Ross Symons, walitoa Don Bradman Cricket 14 mwaka 2014, ikipewa jina la mpigaji aliyestaafu na wastani wa 99.94 katika mechi za Test. Big Ant walifanya mambo mawili ambayo naona yalikuwa ya busara sana. Kwanza waliiondoa ile alama ya ardhini. Mpigaji sasa alilazimika kuusoma mpira kutoka mkononi mwa mrushaji, kama uwanjani, na siku za mwanzo watu walitolewa ovyo ovyo na kulalamika, kisha wakajifunza. Pili, badala ya kupambana na mashabiki waliozoea kufungua faili, waliwapa chombo cha kutengeneza wachezaji na timu, tena kabla gemu yenyewe haijatoka, na timu hizo zikapakuliwa na kila mtu. Tatizo la mikataba na majina lilipata dawa kwa kuwaamini wachezaji. Pia ulianza kazi yako ukiwa kijana wa miaka 16 asiyejulikana, ukapanda kutoka timu za chini hadi ya taifa. Big Ant waliendelea na mfululizo huo kwa matoleo kama Cricket 24.

Kwa hiyo msomaji anayetaka kuuonja mchezo huu kwenye kompyuta yake ana njia mbili. Mwenye mashine yenye nguvu na fedha za kununua aende kwa Big Ant. Aanze na mechi ya ova tano, kiwango cha chini, asiharakishe kupiga kila mpira, kwa sababu nusu ya upigaji ni kujua mpira upi wa kuuacha upite. Mwenye kompyuta ya zamani aende Cricket 07. Na anayejua kuhariri picha na faili, iwe yuko Nairobi, Kampala, Dar es Salaam au Mombasa, ningemwomba afanye jambo moja ambalo vijana wa Asia Kusini walilifanya kwa ajili ya kwao. Mwezi Juni 2024 Uganda ilicheza Kombe la Dunia la ova 20 kwa mara ya kwanza, na huko Guyana iliishinda Papua New Guinea. Katika mechi hiyo Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova zake nne akatoa mbio 4 tu na kuangusha wiketi mbili. Fungua faili la kikosi, mwandike jina lake bila kukosea herufi, na uwezo wake wa kurusha uuweke juu.